Jibu: "Saitokini ziko juu", tumpe mgonjwa dawa ya kuongeza kinga?

Ndugu wa Kisauni, pole kwa kuuguza. Umesema binamu yako ana mchochota wa ubongo, ule ambao kinga ya mwili humgeukia mwenyewe, daktari amewaambia saitokini (molekuli za kupelekeana habari za kinga) ziko juu, na shangazi keshanunua kopo la dawa ya kuongeza kinga. Mumpe? Mimi si daktari, nauza spea Mwembe Tayari, Mombasa, ila ugonjwa huo tulimuuguza nao dadangu mwaka 2021. Kopo lirudisheni dukani.

Sisi tulikosea papo hapo. Dada alikuwa na miaka 22. Alianza kwa kuumwa kichwa na homa, tukasema malaria. Halafu akakosa usingizi siku tatu, akawa azungumza na watu tusiowaona, amwambia mamangu "wewe si mamangu". Kwetu Majengo jambo kama hilo lina jina lake, na si jina la ugonjwa. Akasomewa, akafukizwa. Kusomewa silaumu, mama asoma mpaka leo. Ninalojutia ni wiki mbili zilizopita huku mdomo wake ukitafuna kitu kisichokuwepo, mpaka kifafa kikamwangusha. Na muda wote huo tulikuwa twamnywesha habasoda kwa asali na vidonge "vya kinga", maana zahanati ya kwanza walitamka neno kinga, nasi tukasikia kinga imepungua.

Daktari wa mishipa ya fahamu ndiye aliyetufungua macho, akichora nyuma ya risiti. Saitokini, alisema, ni wapiga mbiu. Seli za kinga hazina simu, hupelekeana habari kwa molekuli hizi ndogo. Twajua mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo; kwa dada ilikuwa yalia na adui hayuko. Moja inayoitwa CXCL13 huziita seli B, aina moja ya seli za kinga, ziingie hadi kwenye maji ya ubongo. Nyingine, intalukini-6, huzikomaza ziwe viwanda vya kingamwili, yaani protini za kumshika adui, na kuvirefushia umri viwanda hivyo. Kingamwili hizo hushika vipokezi vya NMDA, milango ya kupokelea ujumbe iliyo juu ya seli za ubongo, huviunganisha na kuvifanya vizame ndani ya seli. Mtu akapoteza kumbukumbu, akili na mwendo. Lakini seli nyingi hazifi! Kingamwili zikiondoka, vipokezi hurudi juu. Nilimwomba anirudilie hapo mara mbili. Ukimpa mgonjwa kama huyo kitu cha kuamsha kinga, wamwongezea mpiga mbiu baragumu.

Ugonjwa huu wa kingamwili za vipokezi vya NMDA ulielezwa mwaka 2007 na daktari Josep Dalmau na wenzake, dadangu yuko darasa la pili, kwa hiyo usishangae wazee kutoujua.

Msihangaike sana na kipimo cha saitokini. Hizo hupanda hata kwa maambukizi ya kawaida. Kinachothibitisha ni kingamwili zenyewe, hasa kwenye maji ya uti wa mgongo. Mtaani wasema ukitolewa maji hayo wapooza. Dada alitolewa mara mbili, aliumwa kichwa tu. Sampuli ilisafirishwa nje, na matibabu yakaanza kabla ya majibu kurudi. Msikubali kungoja karatasi.

Ikiwa binamu ni mwanamke, ulizeni kama ameangaliwa ovari, vifuko vya mayai. Dada alikutwa na uvimbe, ukatolewa, ndani mna nywele. Bibi akasema, "Sikuwaambia?" Ikabidi daktari amwekee kiti bibi: uvimbe wa aina hiyo huota nywele, meno, hata tishu za ubongo, na kinga ikijifunza kuzipiga pale, huzifuata hadi kichwani. Bibi hakukubali wala hakukataa, aliomba chai.

Dawa: methiliprednisoloni gramu 1 kwa siku, siku 5, kuizima mbiu. Kisha kuchujwa plazma, maji ya damu, kuziondoa kingamwili, ndipo rituksimabu inayoondoa seli B. Kabla ya hiyo hakikisheni amepimwa homa ya ini aina ya B na kifua kikuu, kwani huweza kuamka kinga ikishushwa. Kuna pia tosilizumabu, inayoziba kipokezi cha intalukini-6, madaktari huifikiria rituksimabu ikishindwa. Hatukufika huko, na mchango wa familia usingefika.

Subira utaihitaji. Katika utafiti wa wagonjwa 577 uliotoka 2013, zaidi kidogo ya nusu ya waliotibiwa walipata nafuu ndani ya wiki 4 za mwanzo, na kufikia miezi 24 asilimia 81 walikuwa wanajitegemea. Dada alichukua miezi minane kurudi kazini. Mwezi ule wa kwanza haukumbuki hata kidogo.

Shangazi msimgombeze. Mamangu chupa ya habasoda aliificha chini ya kitanda cha wodini hadi nesi alipoipiga teke.