Kwa mwenye kiwanda cha barafu Kilwa: umepaka rangi juu ya chumvi

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Kwa watakaoukuta uzi huu baadaye: mwenzetu ana kiwanda kidogo cha barafu ya mabonge Kilwa, hatua chache tu kutoka ufukweni. Ndani ya mwaka mmoja na nusu amepaka rangi fremu, tangi na pampu mara tatu, na kila mara rangi inatoa malengelenge, ukiyatoboa unakuta kutu mbichi. Anauliza anunue rangi gani iliyo bora zaidi.

Hata ukinunua ya bei mbaya kuliko zote, itakufanyia hivyo hivyo. Nimefanya ufundi wa mitambo Tanga na Pemba miaka 19, mingi kati ya hiyo kwenye barafu na samaki, na kosa lako nimelifanya mwenyewe kwa mikono yangu.

Unaijua chumvi ya jikoni inavyolowana kwenye kikombe wakati wa masika bila mtu kuimwagia hata tone? Ndivyo inavyofanya ikikaa juu ya chuma: inayaita maji. Rangi si kioo, hupitisha mvuke kidogo kidogo, na chumvi iliyobaki chini yake inauvuta huo mvuke hadi panajaa kijidimbwi. Hilo ndilo lengelenge lako. Kwa hiyo kabla hujashika msasa, kabla ya grinda, osha chuma kwa maji yasiyo na chumvi, ya presha. Mafundi wengi wanaanza na grinda, na grinda inaisukuma chumvi ndani ya vile vishimo ambavyo kutu imekwisha kuvichimba. Kinang'aa, unafurahi, umeifukia mle mle.

Halafu maji yenyewe, yaonje kwanza. Visima vingi vya pwani yetu vina chumvi. Kama kisima chako ni cha namna hiyo, kinga maji ya mvua uyatunze kwa kazi hii.

Ukishaosha na kukausha, njia ya uhakika ni kupiga mchanga kwa kompresa hadi chuma kiwe cheupe karibu chote. Kwenye karatasi za kazi utaona kiwango hicho cha usafi kimeandikwa Sa 2½. Brashi ya waya inafaa kwa viraka tu. Fundi avae kinyago cha kweli, maana vumbi la mchanga wa kawaida linaua mapafu. Kuna changarawe maalumu za kazi hiyo zisizo na madhara hayo. Paka siku hiyo hiyo. Usipake alfajiri, kuna umande usiouona. Chuma kinatakiwa kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande unaanza kutua. Kama huna kipimo, pitisha kitambaa chenye maji juu ya chuma. Unyevu ukichelewa kukauka, ahirisha.

Rangi: praima ya epoksi yenye zinki, epoksi katikati, na ya juu ya poliurethani kwa ajili ya jua. Kwa mazingira yako unene wa jumla uwe mikroni 250 hadi 300, yaani robo milimita au zaidi kidogo. Kingo, mistari ya kulehemu na vichwa vya bolti vipake kwa brashi kwanza, peke yake, ndipo upulize kote, kwa sababu rangi ikiwa mbichi hujivuta na kuukimbia ukingo mkali. Angalia mashine yoyote ya pwani, kutu imeanzia pembeni.

Sasa nije kwenye kinachonitia wasiwasi zaidi. Umesema tangi la maji ya chumvi, yale ya baridi kali yanayogandisha makopo ya barafu, "nje liko vizuri". Nje ipi? Ya mbao?

Tangi letu lilikuwa la bamba la milimita 6, limezungushiwa foma ya kuzuia joto, na juu ya foma mbao. Mbao tulizipaka rangi kila mwaka, bosi akileta wageni anazigonga kwa ngumi kuonyesha uimara. Ikafika wakati tunaongeza maji ya chumvi kila wiki. Tukajiambia yanamwagika wakati wa kunyanyua makopo. Miezi ikapita hivyo. Siku tuliyobandua ubao mmoja wa chini, foma ilitoka imelowa kama sponji, na nyuma yake kutu inamenyeka tabaka kwa tabaka kama chapati. Nikagusa kwa bisibisi, wala sikusukuma. Iliingia hadi mpini, na maji ya nyuzi 10 chini ya sifuri yakanitiririkia mkononi.

Kumbe nailoni ya kuzuia mvuke, ile inayokaa upande wa nje wa foma, ilikuwa imechanika siku mtu alipopigilia misumari ya kutundikia mipira ya maji. Hewa ya pwani ikaingia, ikakuta chuma baridi, ikageuka maji. Foma ikayashika maji hayo mwaka mzima, kuta zikawa kama zimevishwa kitambaa kibichi. Kwa hiyo kata madirisha madogo ya kuchungulia, manne au matano, moja liwe chini kabisa, na ukifunga uzibe kila tundu. Ndani ya tangi kagua zaidi pale usawa wa maji unapokutana na hewa. Na mabomba ya amonia yaliyofungwa foma, usiyakwaruze wala kuyagonga yakiwa na presha. Mwite fundi wa majokofu avute gesi kwanza.

Makopo yako ya mabati: ukimwita welda ayazibe, zinki inaungua pale anapopita, na moshi wake unampa homa jioni. Achomee mahali pa wazi, kisha pasafishwe na kupakwa rangi ya zinki nyingi. Na usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya mabati, itabanduka kama gamba la nyoka.

Kuhusu bolti za kawaida ulizofunga kwenye meza ya stenlesi, ni mtego wa zamani. Mwaka 1761 Waingereza waliivisha manowari yao HMS Alarm mabamba ya shaba chini ya maji. Miaka miwili baadaye misumari ya chuma ilikuwa imeliwa, isipokuwa pale ambapo karatasi ya kaki iliyofungia mabamba ilisahaulika katikati ya shaba na chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, moja inamla mwenzake, na ikiwa inayoliwa ndiyo ndogo, inakwisha upesi. Weka bolti za stenlesi, ile ya daraja la 316. Ile ya daraja la 304 pwani hupata madoa, hasa ukiiosha kwa dawa za klorini, na ikirukiwa na cheche za grinda inayokata chuma cha kawaida jirani inaota kutu ambayo si yake.

Oili chafu uliyoipaka kwenye jenereta inasaidia wiki chache, halafu inashika vumbi na kuharibu mipira. Ukitaka kupaka rangi hapo baadaye, kuiondoa ni kazi kubwa. Mashine inayolala msimu mzima ipake grisi safi. Ndani ya paneli ya umeme acha hita ndogo ikiwaka usiku. Zamani tuliweka balbu ya wati 60 ya uzi, mbali na nyaya, na joto lile lilitosha kuzuia umande.

Umeandika kwa kupita tu kwamba kwenye kondensa (chombo cha kupoza gesi ya mtambo) inayopozwa kwa maji ya bahari ulikuta "vipande vya chuma chakavu vinaliwa", ukavisafisha na kuvipaka epoksi. Hivyo ni vya zinki, mkuu, vimewekwa hapo vikaliwe badala ya kondensa. Zima, fungua kifuniko, kwangua rangi yote leo, na kama nusu ya kipande imekwisha weka kipya. Ukishafungua nitumie picha ya ndani ya kifuniko, nataka kuona imekula kiasi gani tangu ulipovipaka.