Siri ya jopo kuu inamfunga nani?

Tangu nigusie majopo makuu ya mahakama za Marekani ("grand jury", raia wanaoamua kama mtu ashtakiwe), maswali hayajakatika. Nimechukua machache. Yale ya "eti nimesikia" nimeyaacha.

Nina samansi ya kutoa ushahidi mbele ya jopo kuu la shirikisho. Jirani anasema nikimsimulia hata mke wangu, nafungwa. Ni kweli?

Jirani yako si wakili. Kanuni ya 6(e) ya mashauri ya jinai ya shirikisho inawafunga midomo wanajopo, mwendesha mashtaka, mwandishi wa kumbukumbu na mkalimani. Shahidi hayumo. Ukishatoka, mweleze mkeo uliyoulizwa na uliyojibu. Florida iliwahi kuwakataza mashahidi kusimulia ushahidi wao wenyewe, hata uchunguzi ukishakwisha. Mwaka 1990 Mahakama ya Juu ya Marekani ikalikataa jambo hilo. Lakini kama samansi imetoka kwa jimbo, si shirikisho, muulize wakili kwanza, maana majimbo hayafanani.

Kinachowaponza watu ni kupanga maneno na shahidi mwenzako. Hilo ni kosa, na uongo chini ya kiapo mle ndani unaweza kukupa miaka hadi 5. Nashangaa watu wetu: wakili wanamficha kwa kuogopa "siri", kisha samansi wanaipiga picha na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la michango ya msiba.

Wakili wangu ataingia nami?

Kwenye shirikisho, hapana. Atakaa korido. Ukikwama, omba ruhusa, toka, muulize, rudi.

Mbona jopo kuu limemkuta mtu na hatia na bado anatembea mitaani?

Nimeshajibu hili hadi nimechoka. Jopo kuu halimtii mtu hatiani! Wanakaa watu 16 hadi 23. 12 wakiona kuna sababu ya kutosha ya kumshtaki, hati ya mashtaka inatoka. Jaji hayumo chumbani, wakili wa mtuhumiwa hayumo. Kesi yenyewe haijaanza. Ukiandika mtandaoni kwamba "amepatikana na hatia", unamchafua mtu.

Mimi ni mkalimani wa Kiswahili mahakamani. Naweza kusimulia kisa cha jopo kuu bila kutaja majina?

Hapana. Wala kwa mafumbo. Mji wenye Wakongo wachache utamtambua mhusika kabla hujamaliza sentensi, nawe utajibu shtaka la kudharau mahakama.

Kenya na Tanzania tunalo?

Hatuna. Kushtaki ni kazi ya DPP, mkurugenzi wa mashtaka. Hata Waingereza, wenye asili ya jopo hilo, waliliacha mwaka 1933.

Siri hii si ya kuwalinda polisi tu?

Haikuwekwa kwa ajili hiyo. Iliwekwa ili mtuhumiwa asitoroke, mashahidi wasitishwe, na asiyeshtakiwa asibaki na doa. Sababu nzuri zote. Ila chumba kisicho na jaji wala wakili wa upande wa pili kinamwachia mwendesha mashtaka achague cha kuonyesha, kisha aseme "jopo limeamua".

Breonna Taylor aliuawa na polisi nyumbani kwake Louisville, Machi 2020. Septemba jopo likamshtaki polisi mmoja tu, tena kwa risasi zilizoingia nyumba ya majirani. Mwanasheria mkuu wa Kentucky, Daniel Cameron, alieleza uamuzi huo kama wa jopo. Mwanajopo mmoja akaenda mahakamani kuomba ruhusa ya kusema, jaji akampa, naye akaeleza kwamba mashtaka ya mauaji hawakuwahi kupewa wayafikirie. Bila ruhusa ile, tungeamini raia wale waliyapima na kuyakataa. Mimi naunga mkono siri wakati wa uchunguzi. Mwendesha mashtaka akishajitokeza kulisemea jopo, wanajopo nao waachiwe.

Naweza kukataa kwenda?

Kwenda utakwenda. Unaloweza kukataa ni kujibu swali litakalokutia hatiani mwenyewe, na hilo lipange na wakili mapema, si asubuhi ile ile mkiwa korido.