Mgongo: bingwa wa mifupa au wa mishipa ya fahamu?

SWALI: Mama yangu ana miaka 58. Kipimo cha MRI kimeonyesha diski, yaani mto laini ulio kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni, imetoka na kubana mshipa wa fahamu. Maumivu yanashuka mguu wa kushoto hadi kidole gumba. Aliyemwona ni bingwa wa mifupa, lakini ndugu wanasisitiza mgongo ni kazi ya bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu. Nani ana matokeo mazuri zaidi?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Kwa tatizo la mama, wote wawili wanafaa. Tafiti nyingi zilizowalinganisha zimetumia kumbukumbu za hospitali za Marekani, ambako wagonjwa hufuatiliwa siku 30 baada ya upasuaji. Vifo, maambukizi ya kidonda na kurudishwa hospitalini vilikaribiana sana. Baadhi zilikuta wagonjwa wa mabingwa wa mifupa wakiongezewa damu zaidi. Msilibebe hilo kama hukumu: siku 30 hazisemi mguu utakuwaje mwaka ujao, na anayenyoosha migongo iliyopinda lazima atumie damu nyingi kuliko anayetoa kipande cha diski.

Fani huwa na uzito kwingine. Uvimbe ulio ndani ya utando wa uti wa mgongo ni wa bingwa wa mishipa ya fahamu. Mgongo wa mtoto uliopinda kwa kawaida ni wa bingwa wa mifupa. Diski, kuvunjika pingili na TB ya mgongo hufanywa na wote, na pale MOI, taasisi ya mifupa iliyopo Muhimbili, fani zote mbili zipo.

Kwa hiyo ulizeni mambo mengine. Upasuaji huu huu anaufanya mara ngapi kwa mwaka? Utando ukichanika na maji ya uti yakavuja, anafanyaje? Diski ikitoka tena (hutokea kwa wagonjwa kama 5 hadi 10 katika 100), mpango ni upi? Na pingili anaihakikishaje? Inavyotakiwa, alama ya chuma huwekwa mgongoni, eksirei hupigwa mezani palepale, pingili zikahesabiwa kutoka chini kwenda juu. Wapo watu wenye pingili sita za kiunoni badala ya tano. Asiyelinganisha na picha za awali anaweza kufungua sehemu isiyo yenyewe.

Mkiambiwa habari ya skrubu, yaani vyuma vya kushikilia pingili, ulizeni ni pingili ipi inayoteleza. Diski iliyotoka mara ya kwanza, pingili zikiwa imara, kwa kawaida haihitaji vyuma, na gharama yake si ndogo.

Andikeni maumivu ya mguu na ya kiuno kando kando, 0 hadi 10, kabla ya upasuaji, kisha wiki ya 6, mwezi wa 3 na wa 12. Upasuaji huu hutuliza mguu kuliko kiuno. Wengi hulalamika umeshindikana kwa sababu hawakuelezwa hivyo. Kama mguu haujalegea, wiki 6 hadi 12 za dawa na mazoezi hutosha kwa wagonjwa wengi.

Ila akipata ganzi sehemu za siri na makalioni, mkojo ukigoma kutoka, au miguu yote ikilegea, msisubiri kliniki. Mpelekeni siku hiyohiyo, hata usiku, hospitali yenye MRI na chumba cha upasuaji, na bingwa yeyote wa mgongo atakayekuwa zamu amfanyie.