Paa limeezuliwa, fundi anataka kuanza, bima wanasema subiri

Pole sana, ndugu yangu. Umeandika kwamba upepo umeezua upande mmoja wa paa, mvua imeingia vyumba viwili, fundi yuko tayari kuanza kesho asubuhi, na kampuni ya bima imekwambia usiguse chochote mpaka mtathmini wao afike, bila kukutajia siku. Unauliza umsikilize nani. Mimi yalinikuta hayo hayo na madai yangu yalichukua miezi saba kuisha, kwa hiyo nivumilie nikujibu kwa kirefu.

Zuia maji leo. Usitengeneze. Hayo ni mambo mawili tofauti, na ndipo wengi wetu tunapokosea. Karibu kila hati ya bima ya nyumba ina kifungu kinachomtaka mwenye bima achukue hatua za kawaida kuzuia hasara isiongezeke. Ukiliacha paa wazi na mvua ikaingia usiku tatu zaidi, kampuni ile ile iliyokwambia usiguse inaweza kuja kusema kwamba dari ya chumba cha pili iliharibika kwa uzembe wako. Na fundi akipiga mabati mapya kesho, mtathmini atakuta paa zima na hadithi yako ya mdomo. Kwa hiyo funika kwa turubai, tunza risiti, na leo hii waandikie kampuni: "Nafunika paa kuzuia maji yasiendelee kuingia; matengenezo yenyewe yatasubiri ukaguzi wenu." Maneno ya simu hayana ushahidi. Kila ukimaliza kuongea nao, tuma ujumbe unaoanza na "kama tulivyozungumza leo", utaje na jina la uliyeongea naye.

Kabla ya turubai, zima meinswichi kama bado hujaizima. Maji yakishaingia juu ya dari hujui yamepita kwenye waya gani, na taa kuwaka vizuri si dalili ya usalama. Umeme urudi baada ya fundi umeme kukagua. Kama dari ya jipsamu imefanya tumbo, ujue kuna maji yamekaa pale, na kila lita ni kilo nzima juu ya ubao uliokwisha kulainika. Usisimame chini yake. Mimi nilisimama pembeni mlangoni, nikatoboa tundu dogo kwa fimbo ndefu, maji yakashuka kwenye ndoo, na kipande kilichobaki hakikuanguka. Juu ya paa lililolowa usipande wewe, mpe anayeijua kazi hiyo.

Kisha picha, nazo zipigwe kabla ya kufunika na kabla ya kufagia. Anza kwa mbali ili nyumba nzima ionekane, sogea mpaka shimo lenyewe, halafu karibu kabisa na msumari, mbao iliyopasuka, bati lililokunjika. Weka futi ya kupimia kwenye picha za karibu. Ingia ndani upige picha ya shimo ukitazama juu, mbingu ionekane, kisha ufuate njia ya maji: darini, ukutani, sakafuni, mpaka kwenye godoro. Njia hiyo ndiyo dai lenyewe. Bima nyingi hulipa mvua iliyoingia kupitia uwazi uliofanywa na dhoruba, na hukataa mvua iliyojipenyeza kwenye paa lililokuwa linavuja tangu zamani. Maji yaliyopanda kutoka ardhini nayo mara nyingi huhesabiwa kuwa mafuriko, yana kifungu chake au hayamo kabisa. Kama kwako yameingia ya juu na ya chini, yatenganishe tangu sasa.

Sasa nikueleze kosa langu, maana ndilo lililonigharimu miezi. Asubuhi ile uwanja ulikuwa umejaa mabati na vipande vya mbao, watoto wanapita pekupeku, nikaona busara kusafisha. Mabati mabovu nilimpa jirani azibie banda la kuku, mbao zikaenda kuwa kuni. Siku ya nane mtathmini akafika, akatazama misumari michache iliyobaki kwenye mbao, akaona kutu, akaandika: uchakavu. Akaniuliza mabati yaliyong'oka yako wapi. Sikuwa nayo.

Nilirudi kwa jirani kuomba mawili. Yeye ndiye aliyeninusuru, kwa sababu alikuwa hajayagusa. Tukayalaza chini na fundi mmoja mzee, akanifundisha kuyasoma. Kwenye bati moja matundu ya misumari yalikuwa yameraruka kuelekea upande mmoja, bati jeupe lenye kingo kali, bila kutu kwenye mpasuko. Lile bati lilivutwa na upepo mpaka likachanika likaacha msumari mbaoni. Kwenye bati la pili matundu yalikuwa mapana, ya mviringo, yameliwa na kutu pande zote, na msumari wake ulichomoka kwenye mbao iliyooza kwa mvujo wa zamani karibu na kofia ya paa, pale juu pande mbili za paa zinapokutana. Lile la pili mtathmini alikuwa na haki nalo.

Hapo nikaelewa kazi yangu ilikuwa ipi, na ndiyo ninayotaka uifanye wewe mapema: tenganisha mwenyewe kilichofanywa na upepo na kilichofanywa na umri, kabla mtathmini hajakutenganishia. Ukidai vyote kwa pamoja kana kwamba nyumba ilikuwa mpya, akigundua sehemu moja mbovu ya zamani ataitia shaka orodha nzima. Mimi niliandika upya orodha yenye sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa uharibifu wa dhoruba, kila kitu na picha yake. Ya pili ilisema wazi: mbao mbili karibu na kofia zilikuwa zimeoza kabla, sizidai. Mke wangu aliona najitia kitanzi. Lakini tangu siku ile mazungumzo yalibadilika, kwa sababu yule mtathmini hakuwa na kitu cha kunifumania nacho.

Itakusaidia pia kujua upepo unavyoezua, maana utaulizwa kwa nini upande mmoja umeondoka na mwingine umebaki kama paa lilikuwa zima. Upepo ukipita juu ya paa huwa haulisukumi chini tu, hulinyonya kwenda juu, na mnyonyo mkali zaidi uko pembeni, kwenye kona na karibu na kofia. Nguvu yake huongezeka kwa mraba wa kasi: upepo wa kilomita 120 kwa saa unavuta mara 4 ya ule wa 60. Dirisha au mlango ukivunjika upande unakotoka upepo, hewa huingia ndani na kulisukuma paa kutoka chini wakati huo huo linanyonywa juu. Kwa hiyo paa linaweza kukaa miaka 20 bila tatizo na kuondoka usiku mmoja, bila kuwa limechakaa. Kama kuna dirisha lililovunjika upande huo, lipige picha, ni sehemu ya maelezo yako. Na omba taarifa ya mamlaka ya hali ya hewa kuhusu upepo wa usiku ule. Nilipoambatanisha yangu, hoja ya kwamba "hapakuwa na dhoruba ya kutosha" haikurudi tena.

Turubai lipitishwe juu ya kofia lishuke upande wa pili, lisiishie kwenye kofia, la sivyo maji yataingia kwa chini yake. Ukingo uuviringishe kwenye mbao nyembamba mara mbili tatu ndipo upigilie mbao, kwa sababu turubai tupu lililopigiliwa msumari huchanika upepo ukirudi. Chini lizidi ukingo wa paa ili maji yadondoke nje. Mawe na matairi juu ya paa ni hatari kwa anayepita chini.

Ndani usilaze damu. Ukungu unaweza kuanza kuota ndani ya saa 24 hadi 48 kwenye kitu kilicholowa. Zulia, godoro, jipsamu iliyolainika, vyote vitoke baada ya kupigwa picha. Ukilazimika kutupa, kata kipande ukihifadhi kwenye mfuko ulioandikwa chumba kilikotoka. Fungua madirisha, ingiza feni ukitumia umeme uliokaguliwa. Lakini kukauka kwa kuangalia kwa macho kunadanganya. Mimi nilipaka rangi ukuta baada ya wiki tatu nao ukatoa malengelenge, ikabidi nikwangue na kurudia kwa hela yangu. Kuna kifaa kidogo cha kupima unyevu wa mbao, mafundi wengine wanacho; usifunge dari juu ya mbao ambayo bado inasoma zaidi ya asilimia 20.

Mtathmini akija, fundi wako awepo. Huyu si adui yako, wangu alikuwa mtu mwenye adabu na anajua kazi, ila analipwa na kampuni na ana nyumba nyingine za kukagua siku hiyo. Asichokiona hatakiandika. Mpe orodha mkononi: kitu, kilinunuliwa lini, kimepatwa na nini, namba ya picha. Akikuuliza chanzo cha jambo usilolijua, usikisie.

Makadirio ya fundi nayo yasiwe mstari mmoja wenye jumla kubwa. Yataje mabati mangapi, ya unene gani, mita ngapi za mbao, skurubu, kazi. Ofa yangu ya kwanza ilikuwa zaidi kidogo ya nusu ya nilichodai. Sikugomba, niliomba kwa maandishi wanionyeshe walivyofikia hesabu hiyo. Walipoileta niliona mambo matatu. Walikata uchakavu kwenye kila kitu, hata kwenye gharama ya kazi, wakati hati yangu ilisema fidia ni ya kurudisha kipya. Hilo liliondoka mara moja nilipowanukulia kifungu. Waliitoa dari ya chumba cha pili kwa madai ya doa la zamani. Nilikuwa na picha ya sherehe ya kifamilia ya miezi minne kabla, dari inaonekana nyeupe. Ikabaki misumari, nayo ikaamuliwa na yale mabati ya jirani.

Kwa hiyo soma hati yako usiku huu, hasa vitu hivi: unalipwa thamani ya kipya au baada ya kutoa uchakavu, kiasi gani unajibebea mwenyewe kabla ya bima kuanza kulipa, siku ngapi za kutoa taarifa, na umeikatia nyumba kiasi gani. Hilo la mwisho linaumiza watu wema. Kama kuijenga upya kunagharimu 100 na wewe umeikatia 60, hati nyingi zinasema ulijiachia sehemu ya hatari, basi hasara ya 20 utalipwa 12, kisha kile cha kujibebea kitolewe humo. Kama nyumba ina mkopo, angalia pia kama malipo yanapitia benki, uwaarifu mapema.

Watakuletea karatasi ya kutia saini kabla ya kulipwa. Ukiona maneno "malipo kamili na ya mwisho", weka kalamu chini. Kwangu, fundi alipofungua dari alikuta kenchi mbili, zile fremu za mbao zinazobeba paa, zimepasuka kwenye kiungo na mbao inayolala juu ya ukuta imenyanyuka. Hakuna aliyeyaona hayo siku ya ukaguzi. Kwa kuwa nilikuwa nimepokea malipo kama ya sehemu tu, na karatasi ikasema hivyo, tulisimamisha kazi, nikapiga picha, mtathmini akarudi, yakaongezwa. Wakikataa bila sababu ya maandishi, peleka malalamiko rasmi ndani ya kampuni kwanza, kisha kwa msimamizi wa bima wa nchi yako, na uzingatie muda uliowekwa.

Kuhusu fundi: mlipe kwa hatua, kazi iliyokwisha ndiyo ilipwe. Akikwambia ataongeza hesabu ili ile sehemu ya kujibebea ifutike, achana naye, huo ni udanganyifu na unaweza kuangusha dai lote. Na wakati paa liko wazi, ongeza kwa hela yako vile ambavyo bima haitalipa kwa sababu havikuwepo: vyuma vya kufunga kila kenchi na ukuta, skurubu zenye raba badala ya misumari laini, zikaribiane zaidi kwenye kingo na kona. Mwambie aziandike kwenye risiti yake mwenyewe, zisichanganyike na dai.

Uliuliza pia kama watoto warudi kwenye chumba chao kwa kuwa kitanda kimekauka. Bado. Subiri fundi umeme akague waya wa darini, jipsamu iliyobaki itolewe, na ukibandika karatasi ya nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne jioni, asubuhi usikute matone nyuma yake. Kwangu ilichukua wiki tano, wakalala sebuleni.