Kabla Ng'ombe Hajazaa, Ini Limeshaanza Kujaa Mafuta: Kwa Wanaoanza Kupima

Ukisubiri ng'ombe akatae pumba ndipo umshuku, umechelewa. Mafuta huanza kuingia kwenye ini siku za mwisho za mimba, hamu ya kula inaposhuka huku ndama na kiwele vikidai zaidi. Mwili huyeyusha mafuta yake kuziba pengo, asidi za mafuta hujaa kwenye damu, na ini huzipokea. Ini la ng'ombe ni zito kuyatoa mafuta hayo. Hubaki humo humo, na kazi ya kutengeneza sukari huzorota wakati maziwa yanapoihitaji kuliko wakati wowote.

Anza na macho na mikono. Mpe ng'ombe alama ya unene, 1 hadi 5, ukishika kiuno na shina la mkia siku ya kumkausha na siku anayozaa. Lengo ni 3 hadi 3.5. Akifika 4, mweke kwenye orodha ya hatari hata kama anang'aa. Mara nyingi huyo ni yule aliyechelewa kushika mimba, akaendelea kupewa chakula cha mkamuo ilhali maziwa yameshapungua. Usimkondeshe akiwa amekaushwa! Kumnyima chakula wakati huo ndiko kunakosukuma mafuta kwenye ini. Unene hurekebishwa miezi ya mwisho ya kukamuliwa.

Kipimo cha kutabiri ni asidi huru za mafuta kwenye damu, siku 14 hadi 2 kabla ya kuzaa. Kuanzia milimoli 0.3 kwa lita, jiandae. Baada ya kuzaa, kikomo ni karibu 0.7. Chukua sampuli muda mfupi kabla ya kulisha, iweke kwenye baridi na utenganishe majimaji ya damu mapema, maana ikikaa kwenye joto namba hupanda yenyewe.

Ketoni, yaani kemikali ambazo ini hutengeneza kutokana na mafuta hayo, hupimwa baada ya kuzaa, hasa siku ya 3 hadi ya 14, na kwa wengi hupanda karibu na siku ya 5. Kijimashine cha mkononi cha kupima ketoni za watu kinatosha: tone moja la damu, na milimoli 1.2 kwa lita au zaidi ni ketosisi (ketoni kuzidi kwenye damu) hata kama ng'ombe anakula. Hapa ndipo wageni hukosea. Toa damu kwenye mshipa wa mkia, kamwe si mshipa wa maziwa tumboni, kwa kuwa kiwele hutumia ketoni na kukupa namba ndogo ya uongo. Pima saa 4 hadi 5 baada ya kulisha. Asubuhi za baridi kama za Njombe au Limuru, weka vijiti vya kupimia na mashine mfukoni, karibu na mwili, kabla ya kutumia.

Ketoni za chini hazimaanishi ini ni zima. Ng'ombe anaweza kuwa na mafuta mengi kwenye ini na damu isionyeshe ketoni. Vimeng'enya vya ini kwenye damu husaidia, lakini kimojawapo, AST, hutoka pia kwenye misuli. Kwa ng'ombe aliyelala chini siku mbili, pima pia CK, kimeng'enya cha misuli, kabla ya kulilaumu ini. Jibu la uhakika ni kipande cha ini kinachotolewa na daktari kwa sindano, upande wa kulia kati ya mbavu. Mafuta yakizidi asilimia 10 ya uzito wake, hali ni mbaya.

Ketoni zikifika 1.2 au zaidi, mpe propilini glaikoli (kimiminika ambacho mwili hukigeuza sukari) mililita 300 mdomoni mara moja kwa siku, siku 5. Mimina polepole na usiinue kichwa juu sana, isije ikaingia mapafuni. Chunguza pia homa ya maziwa, kondo lililobaki na tumbo la nne lililohama, kwani ng'ombe asiyekula kwa sababu hizo ataendelea kuyeyusha mafuta hata umnyweshe dawa kila siku.