Binti Akiuliza Kuhusu Mapenzi, Usimjibu "Nani Kakufundisha?"

Nimelea mabinti wawili na mpwa wa kiume, na wazazi wenzangu huniuliza: ukizungumza na msichana wa miaka 14 habari za mapenzi, si ndiyo unamchochea? Hapana. Mwongozo wa UNESCO kuhusu elimu ya ujinsia, toleo la 2018, ulipitia tafiti nyingi na kukuta kuwa vijana wanaofundishwa hawaanzi ngono mapema kwa sababu ya mafunzo hayo. Kinachowaponza ni ukimya wetu, maana simu haikai kimya.

Wangu walianza na maswali madogo, kama ya kunipima: hedhi, chunusi, fulani anampenda fulani. Ukishtuka hapo, lile kubwa hutalisikia. Mimi hujibu nilichoulizwa, kwa ufupi, mikono ikiwa kazini. Kumkalisha mtoto mkatazamana macho kwa macho humfanya ajione yuko kizimbani.

Kizazi chetu kilifundishwa kwamba heshima ya nyumba nzima iko mwilini mwa msichana. Mvulana akiwa na wapenzi watatu, watu wanacheka. Msichana akiandikiwa ujumbe mmoja, kikao kinaitishwa. Wapo hata waliowapeleka mabinti "kupimwa" bikira. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji huo ukomeshwe, kwa kuwa hakuna uchunguzi unaoweza kuonyesha kama mtu amewahi kujamiiana. Vizinda, ule utando wa ukeni unaodhaniwa kuwa alama ya bikira, hutofautiana tangu kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto alivuliwa nguo na kudhalilishwa bure.

Mabinti zangu niliwaambia kumpenda mtu si ugonjwa wala si uhuni, ila hisia haimlazimishi mtu kutenda. Kisha niliwapa swali la kujiuliza: nikimkatalia, anakuwaje? Anayenuna, anayetishia kuniacha, anayedai picha za utupu ili "nithibitishe", huyo amejieleza mwenyewe. Na mtu mzima anayempa msichana zawadi na kumwambia "hii siri yetu" si mpenzi. Hapo sina mjadala.

Mpwa wangu alifundishwa yaleyale. Alilalamika kwamba ni mambo ya wasichana. Nikamuuliza, basi atakayeombwa ridhaa ni nani, na atakayeiomba ni nani?

Binti akija kukwambia amelazimishwa, usianze na alivaa nini au alifuata nini kule. Mwambie unamwamini, umpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema ni bora zaidi. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika hadi siku tano, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyokwenda. Maswali ya nani na vipi yatasubiri.

Halafu kuna chanjo ya HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa ngono; chanjo hiyo hukinga saratani ya mlango wa kizazi. Hulengwa wasichana wa miaka 9 hadi 14 kwa kuwa hukinga vizuri zaidi ikitangulia ngono. Nimesikia mama akiikataa eti ni kibali cha umalaya. Wangu walichomwa wote wawili, na mdogo alipouliza ni ya nini, nilimweleza tukiwa bado kwenye foleni, watu wakisikia.