Pasta amejiita askofu: nimwiteje?

Dada wa Kayole, umeuliza kama Biblia inamweka askofu juu ya mchungaji, maana pasta wenu alitawazwa juzi na sasa anayemwita "pasta" anakemewa mbele ya kanisa.

Soma Matendo 20. Mstari wa 17 Paulo anawaita wazee wa kanisa la Efeso. Ukifika wa 28 anawaambia watu walewale kwamba Roho Mtakatifu amewaweka kuwa waangalizi, walilishe kanisa, yaani wafanye kazi ya mchungaji. Hapo kwenye "waangalizi", Kigiriki ni episkopos, neno lilelile lililotupa "askofu" kupitia Kiarabu. Kwa hiyo mzee, askofu na mchungaji hapo ni mtu mmoja: mzee kwa heshima, mwangalizi na mchungaji kwa kazi. (Kundi la mbuzi halimuulizi mchungaji cheo chake.) Ngazi ya askofu mmoja juu ya wazee inaonekana wazi katika karne ya 2, kwenye barua za Ignatius, askofu wa Antiokia. Sisemi ni kosa. Wakatoliki na Waanglikana wana hoja zao, tena nzito.

Lakini kukemea watu? Hapana. 1 Timotheo 3 inataka askofu awe mpole, asiyependa fedha, anayesimamia nyumba yake vema. Joho halikutajwa.

Mimi ningemwita askofu hadharani, kwa adabu tu. Kisha ningemwomba dakika kumi faraghani, na Matendo 20 mkononi. Usiende na kikundi cha akina mama, ataona ni mapinduzi.